Si kila panja ni upara: jinsi ya kuusoma ukingo wa nywele wa mwanamume kijana

Katika saluni za kiume za Mwanza, kuanzia Mlango Mmoja hadi Igoma, kijana akishakaa kitini na kufungwa kitambaa shingoni, agizo lake la kwanza kwa kinyozi mara nyingi halihusu mtindo bali mpaka: amchonge vizuri mbele, lakini asimwingie ndani. Nyuma ya agizo hilo kuna hofu. Ana miaka 20 au 22, amekwisha kugundua kwamba mapanja yake, yaani zile pembe mbili za paji la uso ambako nywele hukunja kuelekea masikioni, yamepanda kuliko yalivyokuwa alipokuwa kidato cha pili, na tayari amejihukumu kwamba upara wa baba yake umemfikia. Kwa wengi wa vijana hao hukumu hiyo si sahihi. Kwa wachache ni sahihi, ila imetolewa kwa ushahidi usiofaa, kwa sababu walichokitazama ni mahali nywele zinapoanzia, na mahali peke yake hapasemi mengi.

Mtoto wa kiume, kama alivyo mtoto wa kike, huwa na ukingo wa nywele ulio chini na wenye umbo la upinde, unaokaribia kugusa mkunjo wa juu kabisa wa paji la uso, ule unaojitokeza mtu anapoinua nyusi kwa mshangao. Baada ya kubalehe, na hasa kati ya miaka 17 na mwishoni mwa miaka ya ishirini, ukingo huo kwa wanaume walio wengi husogea juu kidogo, kwa kawaida sentimita moja hadi mbili, na mapanja husogea kidogo zaidi kuliko katikati. Kisha husimama. Huo ndio ukingo wa mtu mzima, nao ni sehemu ya kukua kama ulivyo uzito wa sauti na kuota kwa ndevu. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwandaa kijana kwa badiliko hili. Sauti ikivunjika watu wote humtania na kumhongera, lakini panja likipanda hulikuta peke yake mbele ya kioo, na neno pekee analolijua kwa kitu hicho ni upara.

Wataalamu wenyewe walichukua muda kutenganisha mambo haya mawili. James Hamilton, mwanaanatomia wa Marekani, alipanga mwaka 1951 ngazi za kuueleza upara wa wanaume, na katika kupima kwake aligundua kwamba karibu wanaume wote waliokomaa walikuwa na kiasi fulani cha kupanda kwa mapanja, wakiwamo wale ambao hawakuelekea upara hata kidogo. Daktari O'Tar Norwood aliziboresha ngazi hizo mwaka 1975, na mpaka leo ngazi saba zinazojulikana kwa jina lake ndizo zinazotumiwa kliniki nyingi duniani. Ngazi ya kwanza ni ukingo wa kijana ambao haujasogea, ya pili ni ule wa mtu mzima wenye pembe zilizopanda kidogo, na ni kuanzia ngazi ya tatu tu, mapanja yanapokuwa yameingia ndani kwa kina kinachoonekana wazi, ndipo upara huhesabiwa kuwa umeanza. Msomaji anayekutana na michoro ya ngazi hizo kwenye simu yake akumbuke jambo moja: Norwood aliwachunguza wanaume 1,000 weupe, wenye nywele zinazolala, na michoro hiyo huonyesha kichwa chenye nywele za namna hiyo. Nywele zetu zilizosokotana hazilali, nazo hufunika ngozi kwa namna nyingine, kiasi kwamba kichwa chenye nywele chache kinaweza kuonekana kimejaa, na kilichonyolewa karibu na ngozi kinaweza kuonekana kina upungufu ambao hakina.

Ili kujua cha kutazama badala ya umbali, inabidi kuingia kwanza ndani ya ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina takriban vinyweleo 100,000, yaani vile vishimo vya ngozi vinavyootesha nywele, na kila kinyweleo hufanya kazi kwa zamu. Huotesha unywele kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha unywele ule wa zamani huanguka na mwingine huanza kuchipua mahali palepale. Upara wa kurithi haung'oi nywele hata moja kwa nguvu. Unachofanya ni kuufupisha muda wa kuota katika kila mzunguko na kukisinyaza kinyweleo chenyewe, ili unywele unaorudi uwe mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, na ule unaoufuata uwe mwembamba zaidi, mpaka mahali palipokuwa na unywele mnene mweusi panabaki laika, ule unywele laini usioonekana isipokuwa kwa mwanga wa pembeni. Kwa hiyo panja halikimbii kama watu wanavyosema. Hunyong'onyea papo hapo lilipo.

Kinachosinyaza ni dihidrotestosteroni, homoni inayotengenezwa kutokana na testosteroni, homoni ya kiume, kwa msaada wa kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kinachoitwa 5-alfa-redaktasi. Hamilton alikuwa ameonyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, na kwamba baadhi yao walipopewa testosteroni, wale waliotoka katika koo za wenye upara walianza kuupata. Mwaka 1974, Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watu wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika waliozaliwa bila kimeng'enya hicho kufanya kazi ipasavyo: walipobalehe, miili yao ilikuwa na testosteroni ya kutosha na misuli ya kiume, lakini mapanja yao hayakupanda. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kosa si la testosteroni kuwa nyingi. Wanaume wenye upara kwa kawaida wana kiasi kilekile cha homoni kama wenzao. Tofauti iko kwenye vinyweleo vya sehemu ya mbele na ya utosi, ambavyo kwa urithi husikia sauti ya homoni hiyo kwa ukali zaidi. Madai ya vijiweni kwamba upara ni alama ya nguvu nyingi za kiume, au yale mengine kwamba ni alama ya pesa, yaachwe vijiweni.

Tukishaelewa hivyo, swali la kujiuliza mbele ya kioo hubadilika. Badala ya kuuliza ukingo uko wapi, mtu aulize nywele zilizoko ukingoni ni za namna gani. Ukingo wenye afya haukunyooka kama uliopigwa rula. Una vijipembe na vijighuba, na mbele yake kabisa huwa na ukanda mwembamba wa nywele laini, pengine nusu sentimita hadi sentimita moja, zinazofanya mpito kutoka kwenye ngozi tupu hadi kwenye nywele nene. Vijana wengi huziona nywele hizo laini na kushtuka, wakidhani ndizo dalili walizosikia. Sizo. Dalili ni pale nywele nyembamba zinapokutwa nyuma ya ukanda huo, zikiwa zimechanganyika na zile nene, moja nene, moja nyembamba, moja fupi isiyokua, mpaka ndani ya panja au kwenye utosi. Ukingo uliosogea ukasimama huacha nyuma yake nywele zilizofanana unene. Ukingo unaosinyaa huacha mchanganyiko.

Kuna kipimo kizuri ambacho kila mtu anacho bure, nacho ni kisogo chake. Daktari wa ngozi Norman Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa kwenye paji lenye upara huendelea kuota kana kwamba bado ziko kisogoni, kwa sababu uwezo wa kuistahimili homoni ile uko ndani ya kinyweleo chenyewe, si katika ngozi ya mahali kilipopandwa. Upandikizaji wote wa nywele umejengwa juu ya ukweli huo. Kwa msomaji wetu maana yake ni nyepesi: nywele za kisogoni ndizo ushahidi wa unene wake wa asili. Azivute kwa vidole nywele chache za kisogoni na chache za juu ya panja, azilinganishe mbele ya karatasi nyeupe au dirishani. Zikifanana, panja lake limekua tu.

Hapa kinyozi anaingia tena, na anaingia kama kikwazo. Nywele zilizopitiwa na mashine ya kunyolea kwa namba sifuri au namba moja huwa zimekatwa zote kwa urefu mmoja, kila moja ina kichwa butu, na iliyo nyembamba hujificha miongoni mwa zile nene. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na zetu zilizosokotana huota pungufu kidogo ya hapo, hivyo anayetaka kujichunguza inampasa akae bila kunyoa kwa wiki mbili hadi tatu kwanza. Najua kwamba kwa kijana wa mjini hilo ni sharti zito. Lakini kujitazama siku ileile ya kutoka saluni ni sawa na kulipima shamba siku ya kulifyeka.

Halafu kuna suala la kuchongwa. Mstari ulionyooka kama ukuta, wenye kona kali, ambao vijana huupenda, haupatikani ila kwa kukata nywele nzima zilizoko mbele ya mstari. Kinyozi akikosea milimita mbili upande wa kushoto hulazimika kusawazisha kulia, na baada ya mwaka wa kusawazisha kila Jumamosi, mstari unaoonekana huwa mbali na ukingo wa kweli. Wapo waliojiona wana upara kumbe wana kinyozi. Kuwatofautisha ni rahisi: mtu asubiri siku nne au tano, kisha apapase mbele ya mstari kwa ncha ya kidole. Akikuta vichipukizi vinavyokwaruza, ukingo wake halisi uko mbele, na kilichorudishwa nyuma ni mtindo. Wembe haujawahi kuua kinyweleo kwa kukata unywele juu ya ngozi. Vipele vya kunyolewa karibu mno, hata hivyo, vikijirudia mpaka vikaacha makovu, ni habari nyingine, na makovu hayaoti nywele.

Bado umbali una kazi yake, mradi upimwe kutoka mahali pasipohama. Mkazi wa Mwanza anayetaka kujua kama ziwa limejaa hatazami wimbi linavyopanda mchangani, kwa maana wimbi hupanda na kushuka mchana kutwa. Hutazama maji yamefika wapi kwenye jabali, Bismarck au jingine lolote analolifahamu tangu utotoni, kwa sababu jabali halitembei. Ndivyo wazee wanavyoikumbuka miaka ya 1961 hadi 1964, ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita mbili, na ndivyo tulivyoiona sisi miaka ya karibuni, lilipopungua sana 2006 na kufurika fukwe na mialo 2020. Jabali la uso ni ule mkunjo wa juu wa paji. Mtu ainue nyusi, alaze kidole kimoja juu ya mkunjo huo, atazame nywele zinaanzia wapi. Ukingo wa mtu mzima kwa kawaida huwa umbali wa upana wa kidole hivi kutoka hapo. Ukiwa mbali zaidi ya hapo si hukumu bado, maana wapo waliozaliwa na paji pana, na wengine walio na ncha ya nywele katikati huonekana wana mapanja ya kina tangu wakiwa darasa la kwanza.

Kwa hao, na kwa wengine wote, ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa miaka, na Mtanzania ana hazina ambayo hajui kuwa anayo: picha za pasipoti. Cheti cha kidato cha nne chenye picha, kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, kitambulisho cha chuo, vyote vina uso uliotazama mbele moja kwa moja, bila kofia, kwa mwanga wa kutosha na umbali unaofanana. Hakuna daktari ambaye angepanga kumbukumbu bora zaidi. Picha za simu hazifai kwa kazi hii, maana simu iliyoinuliwa juu ya kichwa hurefusha paji, na iliyoshikwa chini hulifupisha. Mtu azipange picha hizo kwa miaka. Ukingo uliosogea kati ya miaka 17 na 22 kisha ukabaki palepale hadi 27 umeshajieleza wenyewe. Ule unaosogea katika kila picha, huku pembe zikizidi kuwa kali na utosi ukianza kung'aa, unaeleza jambo jingine. Asiye na picha aanze sasa, apige moja kila baada ya miezi sita, mahali pamoja na mwanga mmoja. Anayejipima kila asubuhi anatazama mawimbi.

Kuanguka kwa nywele kwenyewe, ambako ndiko kunakotisha watu zaidi, ni ushahidi dhaifu. Kichwa chenye afya hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na mwenye nywele fupi hazioni tu. Tena katika ukanda huu wa ziwa, ambako malaria bado ni mgeni wa kila msimu, kuna aina ya kupukutika inayopaswa kujulikana: miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji, au kupungua uzito kwa ghafla, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja na kuanguka kwa pamoja. Mgonjwa amekwisha kupona na kuisahau homa, kwa hiyo haihusishi na nywele zilizojaa kwenye kitana. Kupukutika huko huenea kichwa kizima, hakuchagui mapanja, na kwa kawaida nywele hurudi zenyewe ndani ya miezi sita au zaidi kidogo.

Yako pia mambo yanayogusa ukingo wa mbele ambayo hayana uhusiano na homoni. Anayesuka au kufunga rasta kwa kubana sana anaweza kupoteza nywele za pembeni kwa kuvutwa, na alama yake ni ya pekee: ukingo wa mbele kabisa hubaki na mstari mwembamba wa nywele fupi ambazo msukaji hakuzikamata, huku nyuma yake pakiwa peupe. Kuvutwa huko kukiachwa mapema nywele hurudi; kukiendelea kwa miaka vinyweleo hufa. Kiraka cha mviringo kilicho laini kama kiganja, kilichotokea ndani ya wiki chache, si upara wa kurithi. Mapunye yenye magamba si upara wa kurithi. Upara wa kurithi hauwashi, hautoi usaha, hauachi magamba, na huja polepole kwa pande zote mbili. Chochote kinachokwenda kinyume na maelezo hayo kinahitaji tabibu, hata kama ukingo uko pale ulipokuwa shuleni.

Kuhusu urithi, wengi wamesikia kwamba upara hutoka kwa babu mzaa mama. Kuna chembe ya ukweli humo, kwa sababu jeni ya kipokezi cha homoni hizi iko kwenye kromosomu ya X ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, lakini jeni zinazohusika ni nyingi na nyingine hutoka kwa baba. Kumtazama babu mmoja hakutoshi, na kaka wawili wa tumbo moja wanaweza kuachana kabisa. Kofia haina hatia yoyote.

Kwa nini basi kujali tofauti hii? Kwa sababu kosa la upande wowote lina gharama. Anayeuita ukingo wa kawaida upara huanza kununua mafuta yasiyo na lebo sokoni, na yakipita miezi sita huyasifu kwa kuwa nywele zimesimama, ilhali zingesimama hata bila hayo. Anayeuita upara ukingo wa kawaida hupoteza wakati ambapo dawa zinafaa zaidi, kwa kuwa dawa zilizopo ni hodari wa kulinda kinyweleo kinachosinyaa kuliko kufufua kilichokwisha. Minoksidili, ambayo awali ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, iliidhinishwa Marekani kwa kupaka kichwani mwaka 1988. Finasteridi, inayozuia kimeng'enya tulichokitaja, ikafuata kwa vidonge vya miligramu 1 mwaka 1997. Zote mbili hufanya kazi kwa muda zinapotumiwa tu, na finasteridi inaweza kuwa na madhara katika tendo la ndoa kwa baadhi ya watumiaji, hivyo si kitu cha kuagizwa kwa rafiki.

Anayebaki na shaka baada ya yote haya aende kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa, iwe Sekou Toure au Bugando, ambako ngozi ya kichwa inaweza kutazamwa kwa lenzi inayokuza na unene wa nywele za mbele kulinganishwa na za kisogoni. Abebe zile picha za pasipoti kwa mpangilio wa miaka, aseme aliumwa nini katika miezi sita iliyopita na anatumia dawa gani, na asipite saluni njiani. Wiki tatu za nywele zisizonyolewa zitamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.